Vitanda Vinne vya Mama Wabiwa

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, Anastasie alikuwa amemlaza mama yake ubavu wa kushoto, akimsugua mgongo kwa kitambaa na sabuni ya mawese. Jirani yake Nizigiyimana, mkimbizi wa Burundi aliyepanga nyumba ya nyuma, alikuwa amemshika bibi kizee mabegani asibiringike. Beseni la buluu lilikuwa chini, na bidoni mbili za maji ya ziwa zilikuwa mlangoni zikingoja zamu yao. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi hapo Baraka, mwaka wa tatu huo, Krismasi na Pasaka zikiwemo, na hakuna mtu aliyewahi kuja kupiga picha.

Siku hiyo alikuja mtu wa kupiga picha. Alikuwa kijana anayeitwa Néhémie, amevaa kikoti cha kijani kisicho na mikono, chenye mifuko minane, yote mitupu. Alivua viatu mlangoni. Hiyo ilikuwa adabu yake ya kwanza na ya mwisho.

Alitumwa na mradi mpya uitwao Mikono ya Nyumbani. Mradi huo ulikuwa umekuja kumlipa kila mwezi mtu anayemtunza mzee wake wa damu aliyelala kitandani. Wa damu, ndivyo fishi yao, ile karatasi ya kujaza, ilivyosema. Nizigiyimana, aliyekuwa akimgeuza mama huyo kila siku mpaka kiuno chake mwenyewe kinalia, hakuwa na damu inayotakiwa, kwa hiyo Néhémie hakumwamkia. Aliwasha tablette yake, akamwinamia mgonjwa.

"Mama Wabiwa, nani anakutunzaka?"

"Anastasie," akasema Mama Wabiwa.

Nusu ya mdomo wake ilikuwa imekufa tangu alipopooza, na maneno mengi yalikuwa yakimtoka vipande vipande. Jina hilo lilitoka zima.

Néhémie akachukua dole gumba la bibi, akalibandika kwenye kioo. Tablette ikalia. Akalifuta kwa shati, akalibandika tena. Ikalia tena.

"Mama Anastasie," akasema, "kuko kashida kadogo. Huyu mama iko Nundu pia."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Mwenzangu iko naye, amesha kumupiga kidole. Iko Kazimia pia. Na Lulimba."

Anastasie akakamua kitambaa.

"Aa. Njo maana anakuwaka na kiu vile," akasema.

Maana kiu hiyo ilikuwa imemchosha akili. Kwa mwezi mzima Mama Wabiwa alikuwa akinywa vikombe vinne, vitano, tumbo linajaa, na bado anasema koo limekauka. Anastasie alikuwa ameulizia kwa mwuguzi, mwuguzi akasema sukari, akapima, sukari hakuna. Sasa jambo lilikuwa wazi. Kiu hiyo haikuwa ya Baraka. Unaweza kummiminia mtu ziwa zima hapa, kama amelala Nundu na kiu yake, utakuwa umelowesha godoro tu.

Hao wa Nundu, Kazimia na Lulimba walikuwa ndugu zake. Kaka mkubwa, Bonaventure, alikuwa shemasi wa kanisa kule Nundu, mtu wa maombi marefu na mkono mfupi. Arlette alikuwa akiuza samaki bandarini Kazimia. Kitinda mimba, Wilfried, alikuwa akinunua dhahabu ya wachimbaji Lulimba na kuwauzia wakubwa zake, na kila alipopiga simu alikuwa njiani. Mama alipoanguka, jamaa walikaa kikao. Bonaventure, kama ilivyo desturi, alisema kwa niaba ya wote. Alisema mama abaki na Anastasie, kwa sababu Anastasie alikuwa amerudi kutoka kwa mume na hana kitu cha kufanya. Anastasie alikuwa na meza yake ya kuuza bugali na ndagala pale kwenye kituo cha moto, zile pikipiki za abiria, wateja wanapanga mstari, lakini hiyo kikao hakikuihesabu kuwa kitu. Akaifunga meza. Bonaventure akafunga kikao kwa sala. Arlette aliahidi samaki wa kila wiki, akaleta mara moja, tena wadogo. Wilfried aliahidi kiti cha magurudumu. Mpaka leo kiti hicho kiko njiani.

Halafu redio ikatangaza mradi. Loo! Hapo ndipo uchungu wa mama ulipowashika wote wiki moja, kama mafua.

Hakuna aliyekuja kumbeba. Tuseme ukweli, hata kumwiba hawakumwiba, maana kuiba kunataka jasho. Bonaventure alinunua godoro, akalitandika sebuleni, akajaza fishi ya mradi kwa mwandiko mzuri wa kanisa, akalala. Asubuhi mama yake alikuwa juu ya godoro, na kovu lake la kidevuni, na kitenge chake cha ndege wekundu. Bonaventure alisema Bwana hutoa, akampigia Arlette. Arlette akasogeza magunia ya samaki, akatandika mkeka, kesho yake mama akawa hapo. Wilfried alijenga kitanda cha mbao nyuma ya duka. Siku ya tatu akapata na yeye wake. Na kwa Anastasie mama hakupungua hata kilo.

Jumatano, Anastasie aliazima nauli, akapanda moto kwenda Nundu. Nizigiyimana alibaki na mgonjwa.

Alimkuta mama yake sebuleni kwa shemasi, chini ya kalenda ya kanisa. Shuka lilikuwa jipya. Chini ya shuka, godoro lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, na mgongo wa mama ulikuwa umechemka juu ya nailoni hiyo mpaka umetoboka. Kikombe cha maji kilikuwa juu ya kabati, mbali, na mdudu ndani yake.

"Umekawia," mama akasema.

"Nisamehe, mama. Sikujua uko huku."

Akamnywesha. Akaomba beseni. Aline, mke wa Bonaventure, alimletea beseni, akarudi jikoni haraka, kama mtu aliyetupa takataka kwa jirani.

"Mudogo wangu, karibu," akasema Bonaventure, akitokea chumbani na Biblia. "Tumemuombea mama sana."

"Mumemuogesha siku gani?"

Bonaventure akashtuka kana kwamba ametukanwa. "Mi? Mutoto mwanaume, nimufunue mama muzazi? Hiyo ni laana. Na Aline ni mukwe. Mukwe haonake mugongo wa mama mukwe. Ni mila yetu, Anastasie, usijifanye umesahau."

Mila hiyo ya wakwe, shemasi alikuwa ameikumbuka mwezi huo huo. Kwa hiyo katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeruhusiwa kumgusa mgonjwa, isipokuwa Roho Mtakatifu, na fishi ilikuwa imejazwa kwa jina la Bonaventure.

Anastasie alichana nailoni, akaivuta kutoka chini ya mama yake, akaanza kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Bonaventure alisimama juu yake, anahama mguu huu kwenda mguu ule.

"Pole pole, yaani… usikimalize," akasema mwishowe. "Bale ba projet banarudia Jumanne."

Anastasie hakuelewa siku hiyo maneno hayo ya watu wa mradi kurudi. Aliyaelewa baadaye, na alipoyaelewa alitema mate chini, ofisini kwa watu.

Aliporudi Baraka jioni, Nizigiyimana alimwambia kwamba saa tano za asubuhi mama alikuwa ameacha kuomba maji. Alikuwa amelamba midomo, akasema, "Sasa nimekunywa." Halafu akalala usingizi mzuri. Mchana aliamka, akaanza kulalamikia Kazimia. Kunanuka samaki, alisema, na dirisha halifunguliwi. Na Lulimba wamemwekea mizani ya dhahabu kwenye miguu, ati kitanda ndiyo meza.

Basi Anastasie akajua kazi yake. Kumtunza mama hapo Baraka tu ilikuwa ni kumfunika mtu kichwa na kumwacha miguu mvuani. Lazima afike Nundu, afike Kazimia, afike Lulimba kule juu ya milima, na huku Nizigiyimana apate chochote cha kuwalisha watoto wake wakati anakaa na mgonjwa. Hiyo yote ilitaka nauli. Na nauli ilikuwa katika mradi, kama fishi yake itapita.

Mkuu wa ofisi ya mradi aliitwa Anatole. Alikuwa na feni, na feni ilikuwa imemwelekea yeye tu. Alimkaribisha Anastasie kwenye kiti kibovu, akafungua tablette.

"Tunajua mama yenu iko fasi ine," akasema. "Hiyo haitusumbue. Kila fishi iko na kidole chake, na kidole ni cha kweli. Projet hailipake mama. Inalipaka fishi."

"Basi yangu?"

"Yako imeanguka."

"Juu ya nini?"

Anatole akamgeuzia kioo. Kulikuwa na orodha ya pointi. Kidonda cha mgongo, pointi nne. Kidonda chenye usaha, sita. Harufu, mbili. Midomo mikavu, moja. Mgonjwa asiyejua anachosema, tatu. Mama Wabiwa wa Nundu alikuwa na pointi nyingi, wa Kazimia nyingi zaidi, na wa Lulimba alikuwa ameshika nafasi ya kwanza katika eneo zima la Fizi. Wilfried alikuwa ametumiwa barua ya pongezi.

"Wako iko na zéro," akasema Anatole. "Angalia wewe mwenyewe. Ngozi safi. Kucha zimekatwa. Anaitika vizuri. Mama, projet iko juu ya bagonjwa ba hali mubaya."

"Iko safi juu mi namuoshaka."

"Ndiyo. Lakini hakuna fasi ya kuandika hiyo." Alikuwa mpole kabisa, mpole kama mtu anayekula chako mbele yako na kukuuliza kama kuna chumvi. "Urudi wakati hali yake itaharibika."

Hapo ndipo Anastasie alipotema mate. Anatole alimwita mfagiaji.

Nyumbani, Nizigiyimana alikuwa ameketi kwenye bidoni tupu, akichambua mboga za lengalenga. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameishi na mashirika miaka mingi, tangu kambini, na alikuwa amejifunza kwamba msaada ni kama mbwa wa tajiri, lazima ujue anapenda kusikia harufu gani.

"Muache wiki moja," akasema. "Usimugeuze. Usimuoshe. Wiki moja haiue muntu. Wakisha kukuandika, utamuosha na bale bengine bote, Nundu mpaka Lulimba. Fanya hesabu, dada. Mugongo moja kwa migongo mitatu."

Anastasie akainama kuchambua naye. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, ndiyo maana ilimwuma.

Jumatatu alijaribu. Alfajiri hakuwasha moto. Beseni alilisimamisha ukutani, akakaa nje kwenye kizingiti, mikono imelala mapajani kama ya mgeni. Jua likapanda. Moto za kwenda Nundu zikapita zikipiga honi. Ndani, mama yake hakuita. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Kufika saa nne harufu ya mkojo ikaanza kutoka mlangoni, na Mama Wabiwa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama mvua imefika na huku:

"Na hapa pia?"

Anastasie akainuka. Akawasha moto, akaweka maji, analia na kujitukana kwa sauti. Akamwosha mama yake kuanzia masikio mpaka vidole vya miguu, akampaka mafuta ya mawese, akambadilisha kitenge. Hakufikiria tena hesabu za Nizigiyimana, na Nizigiyimana, aliyekuja kumshika mama mabegani kama kawaida, hakuzitaja tena.

Nauli ikawa haipo. Alikwenda Nundu mara mbili kwa miguu, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, beseni kichwani. Kazimia na Lulimba hakufika. Mama wa Baraka akawa anapungua, si kwa ugonjwa wa Baraka. Usaha haukuwa kwake, homa ilikuwa kwake. Mwuguzi alimpekua mwili mzima akitafuta kidonda, akakosa, akaandika kwamba homa haina sababu. Sababu ilikuwa Lulimba, inapongezwa kwa barua.

Mama Wabiwa alikufa Baraka siku ya Jumamosi, saa kumi za alasiri, ameoshwa, nywele zimesukwa, kichwa juu ya mkono wa binti yake.

Anastasie akawapigia simu ndugu zake.

Bonaventure alisema atamwombea marehemu, lakini kuondoka hawezi, mgonjwa wake hali si nzuri na watu wa mradi wanakuja Jumanne. Wilfried, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa njiani. "Yaya, namuacha mama na nani huku?" alimwambia dada yake. "Huruma haiko na we?" Arlette hakupokea simu. Alituma ujumbe mchana wa kesho yake. Uliandikwa: *Pole sana dada kwa kufiwa na mama yako.*

Alizikwa Jumapili. Mume wa Nizigiyimana na Warundi wenzake ndio waliochimba, na wanawake wa kwaya waliimba nyimbo zote tatu walizozijua. Kilio kilikaa siku tatu, watu wakala maharagwe. Jirani mmoja aliuliza wako wapi watoto wengine wa marehemu. Akaambiwa wanamtunza mama yao. Akatikisa kichwa, akaomba chumvi.

Siku ya nne Anastasie aliamka kwa mazoea, akaweka maji motoni, akakumbuka. Alikaa akiyaangalia mpaka yakachemka. Halafu akayamwaga, akachukua beseni, akalifunga kwenye kitenge, akashika njia ya Nundu.

Mama yake alikuwa pale, sebuleni, chini ya kalenda. Godoro lilikuwa jipya. Nailoni pia ilikuwa mpya.

"Kule Baraka sasa ni muzuri," mama akasema. "Kuko kimya. Hata kiu haiko tena. Nipe maji ya huku."

Anastasie akampa maji ya huku.

Bonaventure hakumfukuza. Kusema kweli alifurahi, maana harufu ilikuwa imeanza kuwazuia waumini kuingia sebuleni. Alimpa Anastasie mahali pa kulala jikoni, kwenye magunia ya muhogo, akamwambia familia ni familia. Kisha akazungumza kwa simu na Arlette na Wilfried, na mara hii ndugu walielewana haraka. Wiki moja Anastasie akae Nundu, wiki moja Kazimia, wiki moja Lulimba. Wiki ya nne ni yake mwenyewe, apalilie kaburi. Ndugu anayemaliza wiki yake naye halipi nauli. Nauli alipe ndugu anayemngojea, na kama anayemngojea hana haraka, Anastasie ana miguu. Sharti lilikuwa moja tu, na Bonaventure alilisema huku akimtazama begani, si machoni. Mgongo aoshe, vidonda aviache vilivyo.

Anastasie alisema sawa. Akaviosha vidonda, akavifunga. Jumatatu jioni Bonaventure aliingia na kuvifungua vitambaa kwa ncha ya kijiti, ili mila isivunjike.

Jumanne alikuja Néhémie. Alikuwa amepandishwa cheo, Nundu sasa ilikuwa yake pia, na kikoti chake kilikuwa kipya. Alimkuta Anastasie amemlaza mama yake ubavu wa kushoto, anamsugua mgongo. Aliwahi kuingia nyumbani kwa mwanamke huyu kule Baraka, akavua viatu mlangoni kwake. Alimwamkia kama unavyomwamkia mfanyakazi wa mtu.

Bonaventure alikuwa amevaa suti. Akapiga magoti kando ya godoro na kuushika mkono wa mama yake, mkono uliokuwa bado umelowa, akaukunja uso kidogo.

"Mama Wabiwa," Néhémie akauliza, "nani anakutunzaka?"

"Anastasie."

Néhémie akamtazama shemasi.

"Amechanganyikiwa," akasema Bonaventure. "Anaitaka batoto bote jina hiyo."

Néhémie akatazama tablette, akatafuta mahali pake, akabonyeza. Mgonjwa asiyejua anachosema, pointi tatu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akainua kioo mbele ya uso wake, akakishusha.

"Mama wee, sogea kidogo," akamwambia Anastasie. "Unaingia mu picha."

Anastasie akasogea. Alisogea na beseni lake mpaka mlangoni, akasimama hapo akingoja wamalize, maana maji yalikuwa bado ya moto, na mgongo alikuwa ameufikisha nusu.